Damu ya Kunguni

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, na lilikuwa zuri tu, ila mtaani hakuna aliyelitumia. Walimwita Kunguni. Mgeni akilisikia hudhani ni kwa sababu ya kazi, maana alikuwa fundi wa magodoro, yale ya sufi na pamba, na kunguni na godoro ni majirani wa siku zote. Sivyo. Jina lilitangulia kazi. Alipokuwa mtoto, likitokea jambo lolote baya uwanjani, kioo kimevunjika au mpira umepotelea juu ya bati la watu, lawama zilimwangukia yeye, hata kama siku hiyo alikuwa kwao kalala na homa. Dada yake mkubwa ndiye aliyesema siku moja mbele ya watoto wote: "Wewe una damu ya kunguni. Unachukiwa bure tu." Watoto wakacheka, wakaiacha damu, wakachukua Kunguni. Jina likamganda mpaka mvi.

Na tuseme kweli, mtu alikuwa na mkosi. Mchumba alimpata mmoja, wakaelewana hadi kutajana kwa wazee, kisha bibi huyo akaolewa na muuza magodoro ya sponji. Hapo mtaa mzima ulicheka ukashika mbavu. Yeye naye alicheka, afanyeje? Lakini hakutafuta mwingine.

Kazi yake aliifanya mlangoni mwa chumba alichopanga, kakaa juu ya gunia, mlango wazi. Godoro likiletwa limechoka, hulichana mshono kwa wembe, huitoa sufi yote, huianika, huichapa kwa fimbo mbili mpaka ivimbe, kisha huirudisha na kushona upya kwa shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia. Ila kabla ya kugusa wembe, alikuwa na desturi ya kulitazama bonde. Hivyo ndivyo alivyoliita lile shimo ambalo mwili wa mtu hulichimba kwenye godoro kwa kulala. Kila godoro lina la kwake. La mume na mke waliogombana lina mabonde mawili na kilima katikati. La mjane lina bonde moja pembeni, na upande wa pili ni kama mpya, maana mwenyewe hajathubutu kusogea katikati. Kunguni aliyaona hayo yote na hakumwambia mtu. Kisha aliyachapa yakaisha.

Godoro lake mwenyewe alilichapa mara kwa mara, kila akikosa kazi, na kazi siku hizi ilikuwa ya kukosa. Lilikuwa limevimba vizuri, tambarare kama meza. Ungeingia chumbani mwake usingejua kama kuna mtu analala humo.

Sasa nieleze lile la dada, maana bila hilo hutanielewa.

Walizaliwa wawili tu. Baba alikufa mapema. Mama aliugua muda mrefu akiwa kwa dada, akafia kitandani, juu ya godoro la sufi ambalo Kunguni alimshonea akiwa bado anajifunza kazi. Baada ya mazishi dada alibaki na godoro lile. Kunguni alipokwenda kumjulia hali alilikuta limelala kitandani bila shuka, limekwisha kabisa, limelowa na kukauka, na bonde lake refu karibu na ukuta. Moyo ukamuuma. Akasema, dada yangu atalalaje kwenye kitu kama hiki? Siku dada alipokuwa sokoni, akalibeba godoro kichwani mpaka kwake. Akatoa sufi yote, akaisafisha chembe kwa chembe, akaichapa, akanunua kitambaa chenye mistari ya buluu, akashona. Hajawahi kushona hivyo kabla wala baada. Jioni akalirudisha, akalitandika, akasimama mlangoni kungoja shukrani.

Dada aliingia, akalitazama. Akapiga magoti, akaweka kiganja pale karibu na ukuta, akapapasa. Palikuwa tambarare.

"Alikuwa hapa," alisema. "Mama alikuwa hapa. Nilikuwa nalala pembeni yake. Umemchapa kwa fimbo."

"Dada, mimi nilitaka..."

"Toka. Mimi na wewe damu zetu haziendani, na hazijawahi kuendana. Toka!"

Akatoka. Tangu hapo kila mmoja akashika njia yake. Wahenga wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Basi waliolima shamba la hawa wawili walilima mpaka jembe likaisha makali, na kapu halikuitwa. Watu wakimuuliza dada habari za mdogo wake, alikuwa na jibu moja: damu haziendani. Kunguni naye akiulizwa alijibu hivyohivyo. Hicho ndicho kitu pekee walichobaki wakikubaliana.

Ugonjwa ulikuja polepole. Kwanza fimbo zilianza kuwa nzito. Kisha akawa akisimama, dunia inazunguka. Choo kikawa cheusi. Muuza mkaa wa jirani, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akamwambia, "Kunguni, mbona umekuwa mweupe ndani ya macho? Nenda hospitali kabla hujatuachia godoro." Akaenda.

Daktari akamwambia ana uvimbe tumboni. Si ule mbaya, lakini unavuja damu, tone kwa tone, usiku na mchana. Ukatwe. Ila damu aliyobaki nayo ni kidogo, kisu hakiwezi kupita mpaka aongezewe. "Usihofu mzee," daktari akasema, "kundi lako ni O. Hiyo tunayo tele."

Akakaa kwenye benchi kungoja hiyo tele. Akangoja mpaka benchi lote likabaki la kwake. Mwishowe akatoka mpimaji wa damu mwenyewe, mwanamke mnene wa makamo, miwani imeteremka puani, akaketi pembeni yake. Hapo Kunguni akajua mambo yameharibika, maana wenye habari njema husema wamesimama.

"Fundi, nimejaribu chupa zote za O tulizo nazo. Zote damu yako imezikataa."

"Imezikataa vipi?"

"Nikichanganya tone la maji ya damu yako na damu ya mtu mwingine, inatakiwa ibaki laini. Lakini inakatika mabongemabonge, kama maziwa yaliyoharibika. Nikadhani nimekosea mimi. Nikarudia, ikawa vilevile."

"Mama, mimi nimekataliwa na watu wazima na akili zao. Itakuwa chupa?"

Mpimaji hakucheka. Alimweleza taratibu, na Kunguni alimsikiliza kama anavyosikilizwa mtu anayetaja jina lako la kweli. Alisema chembe nyekundu za damu zina alama juu yake. Mwenye A ana yake, mwenye B ana yake. Mwenye O hana hizo mbili, lakini hata yeye ana alama moja ya chini, ile ambayo A na B hujengwa juu yake. "Wewe hata hiyo ya chini huna. Kipimo cha kawaida kinakuita O kwa sababu hakioni A wala B. Lakini O si wenzako. Mwili wako ukiona damu yao unasema huyu adui."

"Na wenzangu ni nani?"

"Ni wachache sana. Kuna nchi utampata mmoja katika watu elfu kumi, kuna nchi utatafuta katika milioni. Damu haikugawanywa sawa duniani, fundi. Kuna jamii karibu wote ni O, kuna jamii B imejaa. Watu walihama, waliugua, wakaoana wao kwa wao, na kila kundi likabaki na la kwake. Ya kwako inatoka kwa baba na mama wote wawili. Kila mmoja alikuwa ameficha nusu, naye hajui. Wazee wako walitoka wapi?"

Hakujua. Wazazi wake walifika mjini pamoja, wakiwa vijana, na mama akiulizwa wametoka wapi alijibu siku zote: "Tulikotoka ni mbali, na hakuna anayetusubiri."

"Walikuwa ndugu? Watoto wa shangazi na mjomba, labda?"

"Mama, sijui. Wa kuulizwa wamekwisha."

Mpimaji akavua miwani, akaifuta. Akasema huwa wanamtolea mgonjwa wa namna hii damu yake mwenyewe mapema, wanamwekea akiba, lakini yake inavuja, hata hiyo ya kuweka haipo. "Una ndugu? Baba mmoja, mama mmoja?"

"Nina dada."

"Basi! Ndugu wa tumbo moja ana bahati moja kati ya nne ya kuwa kama wewe. Hapa mjini hakuna mwingine mwenye bahati hiyo. Nipe namba yake."

Namba aliitoa kichwani bila kusita, ingawa hakuwahi kuipiga. "Lakini pigeni nyinyi," akasema. "Akisikia sauti yangu atakata."

Kazi ya kupiga simu haikuwa ya mpimaji, ilikuwa ya karani wa mapokezi, mama mmoja mpole, mgeni pale hospitalini. Sasa sikia. Karani alipiga, akajitambulisha kwa adabu, akasema: "Tunataka kujua kama damu yako na ya mdogo wako zinaendana."

Upande wa pili dada akaguna. Kisha: "Mimi na yule damu zetu haziendani, tena siku nyingi. Muulizeni mwenyewe, anajua." Simu ikakatwa.

Karani alifanya nini? Alifanya ambalo mimi na wewe tungefanya tukiwa kazini, tumezungukwa na chupa. Akaenda maabara akasema: "Dada yake anasema walishapima zamani. Haziendani." Mpimaji akasikitika. Kunguni akaambiwa, "Pole fundi, hata dada yako haendani nawe." Akaitikia kwa kichwa, akaenda kwake.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Si kwa maumivu, maana uvimbe haukuuma sana. Ilikuwa upweke, na ulikuwa mpya, ingawa alidhani anaujua wote. Zamani akikosa mtu alisema ni tabia za watu, ni mkosi, kesho ni siku nyingine. Sasa alikuwa ameambiwa na chupa. Alikaa mlangoni, fimbo ziko chini, akitazama watu wanavyopita, wenye A, wenye B na wenye O, wanagombana na kusukumana, na kila mmoja akianguka leo wapo wa kumwinua. Aliwaza kwamba mahali fulani duniani kuna mtaa, au bonde, au upande wa mlima, ambako watu wana nyuso kama ya mama yake na damu kama ya kwake, na wangempa bila hata kumuuliza jina. Wanaamka, wanachota maji, wanatukanana, hawajui kama yupo. Naye hakujua hata ageukie upande gani kuwawaza. Alilia mchana kweupe, shazia mkononi. Muuza mkaa alimwona, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akanyamaza.

Aliporudi hospitali miguu ilikuwa ikimsaliti. Mpimaji alikuwa ameuliza hospitali nyingine na hakupata kitu. Wakakaa palepale kwenye benchi. Kwa kutaka tu kusema neno, Kunguni akauliza: "Kwani dada alipimiwa wapi?"

"Hakusema. Alimwambia karani damu zenu haziendani, tena siku nyingi, na kwamba wewe mwenyewe unajua."

Kunguni akamtazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, machozi yakamtoka, mpimaji akadhani ni kichaa cha kukosa damu.

"Mama," akasema alipopata pumzi, "hiyo si damu ya chupa. Hiyo ni damu ya midomo. Tumegombana."

Mpimaji akashika kichwa kwa mikono miwili. "Ee Mungu wangu! Na mimi niliyekaa mjini miaka yote hii! Ngoja, nampigia sasa hivi, mimi mwenyewe."

"Usipige."

"Fundi, unakufa wewe."

Alijua. Na alijua vilevile kwamba kulikuwa na raha mbaya katika kunyamaza: afe, dada aje kuambiwa baadaye, ajute. Aliionja raha hiyo pale kwenye benchi, na nisiseme uongo, aliiona tamu. Kisha akapiga moyo konde. "Usipige. Nitakwenda."

Dada alikuwa anaishi upande wa pili wa mji, ghorofani, mjane sasa, watoto kila mmoja na nchi yake. Kunguni alipanda ngazi akikaa kila kona ya ngazi kama mzigo uliosahauliwa. Akabisha. Mlango ukafunguka, akamwona dada amezeeka, kitambaa kichwani, nusu ya uso ni ya mama.

"Umekuja kuchukua nini tena humu?"

"Damu," akasema Kunguni.

Dada akamtazama juu mpaka chini. "Siku zote nilisema wewe ni kunguni."

Alitaka kumjibu, ana jibu zuri kabisa, lakini mlango ukainama na sakafu ikapanda. Alipozinduka alikuwa amelala, ncha za viatu vyake zinamtazama, na mtu anampepea kwa mfuniko wa sufuria. Dada alikuwa amemburuta mpaka kitandani, mwenyewe peke yake, na alikuwa akimtukana taratibu bila kukoma, "mjinga wewe, mdogo wangu, mjinga, unakuja umekuwa karatasi hivi, mjinga."

Kunguni hakumsikia sana. Mgongo wake ulikuwa unasikia kitu kingine. Alikuwa ndani ya bonde. Lilikuwa karibu na ukuta, refu, bega limezama sana, magoti yamekunjwa juu, na chini ya shavu kijishimo cha kiganja. Ameyatazama mabonde ya mji mzima, asingeweza kukosea: lilikuwa la mama. Alipokuwa mdogo, akilala mgongoni kwa mama, bonde kama hilo ndilo alilokuwa akiangukia usiku.

Akageuza kichwa. Kitambaa kilikuwa na mistari ya buluu, imefifia.

"Limerudi," akasema.

Dada akaacha kupepea. "Lilirudi lenyewe. Asubuhi moja niliamka nikalikuta."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimelala mpaka nimekuwa yeye?" Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Niliona haya. Nilikufukuza kwa ajili ya kitu ambacho nilikuwa nacho mwilini."

Hapo wakalia wote wawili, wazee wazima. Na kesho yake dada alivaa nguo yake ya kutokea, akampeleka mdogo wake hospitali, akaingiza mkono kwa mpimaji kabla hajaambiwa, akasema: "Toa. Toa yote anayotaka."

Ningependa kukuambia kwamba ziliendana. Wasimuliaji wengine wangekuambia. Mpimaji alitoka na miwani mkononi, akaketi.

"Mama, wewe ni O ya kawaida. Karibu kila mtu mjini humu unaweza kumfaa. Isipokuwa huyu."

"Pima tena."

"Nimepima tena."

"Basi umekosea tena!" Dada akasimama, sauti ikajaa ukumbi. "Nani kasema damu zetu haziendani? Tumbo moja, titi moja, homa moja, leo unaniletea kijichupa! Nani kasema?"

Kunguni akamvuta nguo. "Wewe, dada. Umesema wewe."

Dada akamtazama. Midomo ikamcheza, asijue kama atacheka au atapiga. Akaketi. Akamshika mkono mdogo wake, mpimaji akainuka, na benchi likawa la watu wawili.

Ikabaki njia ndefu. Daktari aliufunga kwanza mvujo kwa dawa, akamwekea dripu za madini ya chuma, akasema wangoje damu yake mwenyewe ijae, kwa kuwa hana mwingine wa kumjazia. Muda wote huo Kunguni alilala kwa dada, yeye kitandani, dada chini kwenye mkeka, na asubuhi waligombana kuhusu dirisha. Usiku aliweza kumsikia akipumua. Bado alikuwa peke yake kwa damu yake, na hilo hakuna aliyeweza kumwondolea. Kuna saa lilimjia, hata na mtu akikoroma pale karibu.

Alikatwa, akapona. La sivyo nani angenisimulia? Lakini anaposimulia hafiki kwenye kisu. Huishia mlangoni, yuko kwenye kitanda cha magurudumu, tayari anasukumwa ndani, dada nyuma yake, na yule karani mpole anawazuia na kalamu yake, safari hii amekusudia asikosee hata neno.

"Samahani mama. Wewe ni nani wake?"

"Huyu ni damu yangu."

Karani akasita, kalamu juu. "Ile ya kwenye chupa, mama? Yaani zinaendana?"

"Haziendani," dada akasema. "Nimekwambia ni damu yangu. Andika."